Mwanajeshi wa Tatu kutoka Kushoto

Hadithi hii nililetewa na mtu ninayemwamini, nami nawapitishia kama ilivyonifikia, ila pale ilipopooza nimeongeza chumvi kidogo. Mwenye haraka amalize kwanza shughuli zake, kisha arudi aisome akiwa ametulia.

Huko Ilula, mkoani Iringa, kwenye nchi ya vitunguu na nyanya, aliishi mama mmoja jina lake Atanasia Kikoti. Baba yake, Koplo Teofori Kikoti, alikwenda vita vya Kagera Atanasia akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Hakurudi. Barua ilikuja, mwili haukuja. Alizikwa huko huko mbali, na familia haikujua kaburi lake ni lipi.

Picha yake pia hawakuwa nayo. Enzi hizo kupiga picha ilikuwa shughuli ya watu wa mjini, na Teofori alikuwa mtu wa jembe kabla hajawa mtu wa bunduki.

Lakini Atanasia alikuwa na filamu.

Kila mwaka, ikifika siku ya mashujaa, televisheni hurudia filamu ile ile ya vita, isiyo na rangi, yenye mtangazaji wa sauti nzito na ramani zilizochorwa mishale. Nyumba ya Atanasia hujaa. Majirani huja na viti vyao, watoto hukaa chini. Mizinga inalia, madaraja yanavunjika, na watu wanatafuna karanga zao bila wasiwasi, maana vita ya kwenye kioo haimuumizi mtu. Halafu, dakika ya kumi na mbili, linapita lori lililojaa askari. Wa tatu kutoka kushoto ni kijana mrefu, anacheka meno yote nje na kupunga kofia. Anaonekana kwa sekunde tatu, kisha lori linaondoka.

"Huyo ndiye babu yenu," Atanasia huwaambia wanawe. Na karanga huachwa kidogo kutafunwa.

Mama yake Atanasia, Bibi Ludovika, hakuwahi kuziona sekunde zile tatu pamoja nao. Lori likikaribia, yeye huinuka kwenda kutazama chungu jikoni. Watu walimhurumia. Walisema kidonda cha mjane hakiponi.

Jambo hili lilianza Atanasia akiwa na miaka saba. Gari la sinema la serikali lilifika kijijini, likatandaza shuka jeupe kwenye uwanja wa mpira, na kijiji kizima kikakaa kwenye nyasi. Mtoto akamvuta mama yake kanga.

"Mama, baba yuko wapi pale?"

Bibi Ludovika alilikodolea macho lile shuka. Kisha akanyoosha kidole. Kuanzia siku hiyo mtoto akawa na baba.

Na alimtumia baba yule, jamani. Alipofaulu darasa la saba alimwambia yeye kwanza. Alipojifungua mtoto wa kwanza alitafuta sura ile usoni mwa kichanga, akaipata, maana atafutaye hakosi. Miaka michache iliyopita kituo kimoja cha televisheni kilimhoji, na tangu hapo, lori likipita, chini ya uso ule huandikwa: Koplo Teofori Kikoti. Siku ya kwanza kuyaona maandishi yale Atanasia alilia kwa furaha.

Mwaka ninaousimulia, ukoo ulikubaliana kumjengea Teofori kaburi la kumbukumbu nyuma ya nyumba, hata kama ndani hamtakuwa na kitu. Padri alikwishaambiwa. Fundi wa mjini alitengeneza marumaru yenye jina na tarehe ya kufa, na juu ya jina, uso wa kijana anayecheka. Atanasia aliizungushia blanketi, akaisukuma chini ya kitanda, na kila alipofagia chumba aliinama kuifunua na kuitazama kidogo.

Wiki mbili kabla ya siku ya kubariki kaburi, simu ikaita. Alikuwa binti mmoja wa Dar es Salaam, Mwanaidi, aliyekuwa akitengeneza filamu mpya ya vita ile ile.

"Mama, nina habari, sijui hata nianzie wapi," alisema. "Yule askari wa tatu kwenye lori tumempata. Yu hai. Anaishi Peramiho, kule Songea. Anaomba kuja kwako."

Atanasia alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya gunia la vitunguu.

Wazo la kwanza lilikuwa: baba yangu yu hai. Moyo ulimruka. Wazo la pili lilikuja nyuma yake mara moja: kumbe baba yangu alikuwa hai miaka yote hii. Amekaa Peramiho, safari ya siku moja kwa basi, huku mama yangu anabeba ndoo za nyanya kichwani na mimi nashona sare kuukuu. Furaha ile ikageuka hasira.

Alimkuta mama yake uani, anakata mikia ya vitunguu kwa kisu.

"Mama, yule wa kwenye lori yu hai."

Kisu kilisimama. "Ana afya?"

"Mama, umenisikia? Nimesema baba yu hai."

"Nimesikia ulivyosema," Bibi Ludovika alijibu bila kuinua uso. "Mwache aje."

"Na kaburi?"

"Kaburi liendelee kujengwa."

Atanasia alimtazama mama yake akadhani uzee umeanza kumchezea akili. Akamwacha na vitunguu vyake.

Kwa siku nne alitunga maneno ya kumwambia mzee yule. Aliyafanyia mazoezi akikoroga ugali, akichota maji, hata kanisani wakati wenzake wanasali. Yalikuwa maneno makali, na kila siku aliyanoa zaidi.

Jumamosi asubuhi Mwanaidi alifika na kamera yake begani, na nyuma yake mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Atanasia alimtambua kabla hajaingia uani. Meno yalikuwa yamepungua na nywele zimekuwa nyeupe, lakini uso ulikuwa ule ule. Alikuwa ameutazama miaka zaidi ya thelathini, asingeukosea.

"Kamwene," mzee alisalimia kwa Kihehe cha kubabaisha.

Atanasia hakuitikia. Maneno yake yote ya siku nne yalimkimbia, yakabaki machache tu.

"Miaka arobaini. Hata barua moja ilikushinda?"

Mzee alimgeukia Mwanaidi, kisha akamrudia mwenye nyumba. Alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

"Mwanangu, mimi naitwa Gaudensi Haule. Mngoni wa Peramiho. Nimeoa mara moja, na mke wangu ninaye mpaka leo. Hapa Ilula nimepita kwa basi tu, tukanunua vitunguu dirishani, sikuwahi kushuka."

"Sasa kwenye lori la baba yangu ulifanya nini?"

"Nilipandishwa na jeshi, mwanangu. Lilikuwa lori letu sote."

Atanasia alifungua mdomo ajibu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake. Bibi Ludovika alikuwa amesimama mlangoni, ana kisu cha vitunguu mkononi.

"Niulize mimi, Atanasia. Usimuulize mgeni."

Akaketi, akaweka kisu chini, akasema alilokuwa amelificha tangu siku ya shuka jeupe.

"Ulinivuta kanga ukaniuliza baba yuko wapi. Mimi nilikuwa nimeiangalia filamu ile tangu mwanzo bila kupepesa, nikimtafuta. Hakuwamo. Wenzako walikuwa wanaonyeshana, baba yule, mjomba yule. Ningekwambia nini? Nikatazama walio kwenye lori, nikachagua aliyekuwa anacheka. Nilisema moyoni, akikua nitamweleza. Ukakua. Nikasema, akiolewa. Ukaolewa. Halafu wakaja watu wa televisheni wakaandika jina, na mimi nikashindwa kabisa."

Mwanaidi aliitua kamera chini taratibu.

Atanasia alisikia uchungu ambao hakuwahi kuupata hata kwenye msiba. Alikwishampoteza baba akiwa mtoto asiyejua analilia nini. Sasa alikuwa anampoteza kwa akili zake zote.

"Na wewe mzee umekuja kufanya nini?" aliuliza.

Mzee Gaudensi alikuna kidevu. Aliona aibu, na aibu yake ilionekana. "Nina wajukuu sita. Kila mwaka tunaangalia filamu ile, nami nawaambia yule pale ni mimi. Wao wanajua kusoma. Wanasoma jina lililoandikwa chini, wananicheka. Nyumbani kwangu mimi ni Babu Muongo. Nilipigana, mwanangu. Nilirudi na chuma kwenye paja. Nataka tu waandike jina langu kabla sijafa."

Atanasia aliingia chumbani, akavuta blanketi chini ya kitanda, akatoka na marumaru ameikumbatia. Akamwekea mzee mapajani.

"Chukua. Ni uso wako. Kumbe mimi sina baba hata wa kwenye picha."

Mzee Gaudensi aliifunua. Akauona uso wake wa ujana umechongewa tarehe ya kufa. Alikaa anaitazama kitambo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wahehe nyie," alisema. "Mtu mzima nimetembea kwa miguu yangu nakuja kuwasalimu, kumbe mmeshanizika."

Atanasia hakuona la kuchekesha. Mzee alimtazama mjane.

"Marehemu alikuwa Mhehe hasa? Wa kuzaliwa?"

"Mhehe wa baba na mama," Bibi Ludovika alijibu.

"Basi alikuwa mtumwa wangu. Na kwenye matanga yake, mtani gani alikuja?"

Kwa asiyejua nitaeleza. Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wakachokana, na walipochokana wakawa watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana, hata ya kukuita mtumwa wake. Msibani huvaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye na kusema kama yeye mbele ya wafiwa, wakacheka huku wanalia, na kwa njia hiyo marehemu akaagwa kama mtu aliyeishi.

"Hakuja mtani," Bibi Ludovika alisema. "Mwili haukuwepo. Watu walikaa siku mbili, wakaona hakuna cha kuzika, wakarudi mashambani."

"Miaka arobaini Mhehe wa watu hajaagwa, eti kwa kuwa hakuna jeneza." Mzee Gaudensi aliiweka marumaru kando, akasimama. "Koti lake lipo?"

Mjane aliingia ndani, akakaa humo muda mrefu. Alirudi na koti la kahawia lililoliwa na nondo kwenye kola. Atanasia hakujua kama koti lile lipo duniani.

Mzee akalivaa. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko vyake, na vifungo havikukaribia matundu. Alionekana kituko. Watoto wa nyumbani waliokuwa wamejazana dirishani walianza kucheka.

Atanasia hakucheka. Alitazama mikono ile mifupi ya koti, kisha akajitazama mwenyewe. Yeye ni mtu wa kimo kifupi, na ujana wake wote alishangaa kwa nini hakuchukua urefu wa yule wa kwenye lori.

"Baba alikuwa mfupi?"

"Mfupi kama wewe," mama yake alisema. "Na vidole ni hivyo hivyo."

"Alitembeaje huyu mla mbwa?" mzee aliuliza, akianza kuchechemea uani.

"Hakuchechemea, mla panya wewe," Bibi Ludovika alijibu, na majirani waliokuwa wameanza kusogea wakaguna kwa furaha. "Alitembea upesi upesi, kama anayekimbizwa na mvua. Mikono nyuma. Siyo hivyo, nyuma kabisa."

Mzee akaweka mikono nyuma, akazunguka ua upesi upesi na miguu yake mirefu. Mjane akamsahihisha. Bega la kushoto lishuke kidogo. Kichwa kitangulie. Mzee akazunguka tena, na safari hii Bibi Ludovika alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nyumbani alipenda kusema nini?"

"Chumvi. Ungemwekea chakula chochote, akionja tu, chumvi haitoshi."

Mzee Gaudensi akajitupa kwenye kigoda, akajifanya anaonja kidoleni, akakunja uso. "Ludovika, hii mboga umepika au umeisalimia? Chumvi iko wapi?"

Mjane alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda ya vitunguu, na kicheko kikapasuka kikawa kilio, kilio kirefu cha mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyeletewa barua. Atanasia alipiga magoti, akamshika. Wakalia wote wawili, na hakuna jirani aliyewaambia wanyamaze.

Walipotulia, Bibi Ludovika alifuta pua kwa upindo wa kanga.

"Unajua kwa nini sikuwahi kukusimulia habari zake?" alisema. "Ningesema alikuwa mfupi, ungeniuliza mbona kwenye lori ni mrefu. Ningesema hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, ungeniuliza mbona pale anacheka. Kila jambo la kweli lilitaka kunifichua. Nikafunga mdomo. Nilikupa uso, mwanangu, nikakunyima mtu."

Mzee Gaudensi alilivua koti, akalikunja vizuri kuliko alivyolikuta. Akaichukua marumaru, akamrudishia Atanasia.

"Sikiliza," alisema. "Mimi ni mtani, na kumvalia marehemu ni kazi yangu. Uso huu nao uwe vazi. Ukae juu ya kaburi lake. Na wewe binti, usibadilishe maandishi ya filamu, yabaki kama yalivyo. Mimi miaka yangu imebaki michache. Wajukuu waniite muongo, nimeshazoea."

Mwanaidi alimtazama Atanasia. Mama yake pia alimtazama. Kauli ilikuwa yake.

Nisiwafiche, Atanasia aliutaka ule uso. Aliutaka kwa moyo wote. Ndio uliomlea. Mzee mwenyewe ameutoa kwa hiari, mbele ya mashahidi, na hakuna Mhehe wala Mngoni ambaye angemlaumu. Angesema asante tu, padri angekuja, na mambo yangekwenda.

Alipitisha kidole juu ya yale meno yanayocheka. Kisha akaifunga marumaru kwenye blanketi, akafungua mfuko wa safari wa mzee, akaiweka ndani.

"Wapelekee wajukuu zako," alisema. "Jina la baba yangu na tarehe ya kufa uvifute mwenyewe. Ukifika wape simu niongee nao, nitawaambia babu yao si muongo." Akamgeukia Mwanaidi. "Andika Gaudensi Haule."

Mzee aliufunga mfuko wake. Akatoa leso.

Mwanaidi alikuwa tayari ameandika. Lakini alibaki na kalamu hewani, anasita. "Na Koplo Kikoti, mama? Naye tunamtaka awemo kwenye filamu. Tutamwonyeshaje, na picha yake hatuna hata moja?"

Atanasia alivuta kigoda, akakiweka kwenye mwanga, akamwinua mama yake kutoka kwenye maganda ya vitunguu na kumkalisha hapo.

"Washa kamera," alisema. "Muulize alikuwa anatembeaje."

Funzo: Ukimzibia mtoto pengo kwa kitu cha kuazima, utalazimika kumficha na yale ya kweli uliyo nayo. Filamu za vita huonyesha waliopita mbele ya kamera, lakini waliopita nyumbani kwetu wamebaki vifuani mwa wajane na yatima wao; tuwaulize mapema, wangali wanaweza kutusimulia.